Injini Iliyozikwa Lurujo

Kuna watu wanapenda pombe, na kuna wanaopenda ng'ombe. Severino wa Lurujo, huko Koboko karibu na mpaka wa Sudan na Zaire, alipenda nati iliyokazwa sawasawa. Usicheke. Mtu huyu akipita kando ya lori la mwenziwe akasikia injini inakohoa, basi siku yake imeharibika. Lazima arudi, aombe spana, afungue, achungulie. Wakwe zake walikuwa wakisema binti yao Rosa Kiden ameolewa uke wenza, na mke mkubwa anakunywa dizeli.

Mke mkubwa mwenyewe alikuwa boti. Ilikaa Rhino Camp, kwenye mto Nile, mwendo wa siku nzima kutoka Koboko kwa lori bovu. Ilikuwa imeundwa kwa mbao za mvule ili kuvuta nyavu za samaki, halafu tajiri mmoja Mhindi, bosi wa Severino, akaigeuza ya kutembelea: kibanda chenye madirisha ya kioo, vitanda viwili, jiko dogo la mafuta ya taa, hata choo. Siku za sikukuu aliipeleka Pakwach na kuingia nayo Ziwa Albert, akifuata ufuko polepole, akilala ndani yake. Severino ndiye alikuwa fundi wake. Mwaka 1972 Wahindi walipofukuzwa, tajiri alimwandikia karatasi kwamba boti ni yake, akapanda basi na sanduku moja.

Nakwambia, hakuna boti iliyotunzwa vile. Mafuta ya injini yalibadilishwa kwa siku yake, yawe ghali yasiwe ghali. Ile injini ya silinda tatu ilifutwa kwa kitambaa kila ikizimwa, mpaka watoto wakajionea nyuso zao ndani yake.

Mwaka 1979 serikali ikaanguka. Askari wapya wakaja wakichukua kila chenye magurudumu na kila chenye injini. Severino akawahi. Akaing'oa injini, akaileta Lurujo chini ya magunia ya mihogo. Boti aliizamisha kwa makusudi kwenye maji ya kina kifupi, katikati ya mafunjo, kama wavuvi wanavyofanya mitumbwi yao. Mbao zikikaa majini hazipasuki, na mwizi hana cha kuona.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, Oktoba 1980, bunduki zikalia Koboko kwenyewe. Watu wakabeba walichoweza, wengine wakielekea Sudan, wengine Zaire. Na habari zilikuwa zimeshaenea: askari wanapita na vyuma vyenye ncha, wanachoma ardhi popote udongo ulipotifuliwa. Baiskeli zilifukuliwa, na cherehani, na sahani za watu. Kitu kimoja tu hawakukigusa, makaburi.

Basi Severino akachimba kaburi. Kaburi la mtu mzima lingekuwa refu mno, na majirani wangeuliza nani kafa. Aliipima injini kwa kamba. Ikatoka urefu wa mtoto wa miaka saba. Nyumbani mwake mtoto wa miaka saba alikuwa mmoja, Natale, ambaye alfajiri ile alikuwa ametangulizwa mpakani pamoja na mdogo wake Alice, kwa mkono wa mjomba wao. Hakuna jirani aliyewaona wakiondoka.

Rosa aliposoma jina la Natale kwenye msalaba wa mbao aliouchonga mumewe, alishika kichwa. "Wee! Baba Natale, una akili? Mtoto mzima, anatembea, unamwandika kaburini?"

"Ni mbao tu, Rosa. Tukirudi nitaichoma."

"Kuna mambo hayafanyiwi mchezo."

"Na bila injini tutakula nini tukirudi? Lia. Lia watu wasikie."

Alilia. Hakuhitaji kufundishwa, hofu ilikuwa imeshamjaa. Jirani yao aliyeitwa Afisa, mama wa Kiislamu aliyekuwa tayari na furushi kichwani, alilitupa furushi lile chini akaja kukaa naye udongoni, akalia naye nusu saa nzima huku milio ya risasi ikisogea. Severino aliona hayo, akaendelea kushindilia udongo. Injini ilikuwa chini, imepakwa grisi vidole viwili, imefungwa turubai mbili. Moyo wake ulikuwa umetulia.

Walipokuwa wakivuka mpaka pamoja na watoto, kipande cha risasi kilimwingia Alice nyongani. Alikuwa na miaka minne. Kidonda kikafunga juu, chuma kikabaki ndani.

Natale alichukuliwa na surua, mwaka uliofuata, kambini upande wa Aru, huko Zaire. Siku hizo watoto walikufa wengi hata wanaume wa kuchimba wakachoka. Walipakiwa kwenye mkokoteni, wakawekwa shimo moja, na mvua ikasawazisha juu. Severino alikuwa mbali, chini ya lori la wamisionari, akifungua giaboksi. Aliporudi jioni hakuna aliyeweza kumwonyesha mahali. Mmoja alisema karibu na mchongoma, mwingine akasema hapana, ng'ambo ya kijito. Severino hakutoa chozi. Rosa alimtazama akasema, "Uliandika mwenyewe." Tangu siku ile hakumwita tena Baba Natale.

Walirudi Lurujo mwaka 1986. Jamani, nyumba ilikuwa imechomwa, askari walikuwa wamebeba hata fremu za milango, lakini kaburi lilikuwa pale pale na msalaba wake. Majirani waliokimbilia Sudan walirudi nao, na kwa kuwa hawakujua mengine, walikuja kutoa pole mbele ya kaburi. Rosa akazipokea pole zote. Akapalilia, akapaka mawe chokaa, akapanda maua mekundu kuzunguka. Alijua vizuri kilichokuwa chini. Alijua zaidi ya mtu yeyote. Lakini mwanamke amefiwa, na hana pengine pa kupeleka magoti yake, atafanyaje? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kila siku ya wafu, Kasimiro katekista alikuja kuwaombea pale, na Severino alisimama kofia mkononi, akiitikia amina juu ya silinda tatu.

Sasa sikia shida yenyewe. Mwaka 1988 nyonga ya Alice ilivimba. Usaha ukatoka, ukakauka, ukatoka tena. Daktari wa Arua alisema mfupa umeanza kuoza, apelekwe kupasuliwa mbali, na apelekwe kabla ya mvua. Wakichelewa ni mguu, wakichelewa zaidi ni mtoto mwenyewe. Alice alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitembea kwa fimbo, na usiku aliuma shuka ili wazazi wasimsikie. Na katika dunia hii Severino hakuwa na mali ila boti.

Mnunuzi alipatikana. Okuonzi, mfanyabiashara wa Arua, mtu wa maneno mengi anayevusha bidhaa mpakani Vurra, alitaka chombo cha kukodisha kwa wageni, wenye kutaka kwenda kandokando ya mto na ziwa na kulala humo humo. Waliiinua boti kwa kamba na vijana kumi. Okuonzi akagonga mbao kwa ngumi, akachoma kwa kisu, kisu hakikuingia. Akatingisha kichwa kwa kustaajabu.

"Mzee, mwili iko mzuri sana. Lakini bila injini hii iko beseni tu ya kuogea. Injini iko wapi?"

"Ipo," Severino alisema.

"Lete niisikie. Ikiwaka, pesa yako unapata siku hiyo hiyo. Isipowaka, mimi naenda kwa mutu mwingine."

Severino alirudi Lurujo, akakaa na neno hilo kifuani siku tatu. Kuchimba kwa siri hakuwezekani. Kwa watu wale, anayefukua kaburi la mtoto ni mchawi, na mchawi haulizwi maswali. Siku ya nne alimfuata Rosa kwenye kaburi, alikokuwa akinyunyizia maua maji.

"Rosa. Nimepata mtu wa kununua. Anataka injini."

Rosa aliendelea kunyunyiza.

"Ni kwa ajili ya Alice."

"Najua ni kwa ajili ya nani. Wewe unafikiri mimi sina macho? Mtoto wangu nilimkosa kule, nikampata hapa. Miaka miwili namlaza hapa kila siku jioni. Sasa unakuja na jembe."

"Hayumo, Rosa."

"Usiniambie hayumo!" Alipiga kelele hata kuku wakaruka. "Mimi ndiye ninayejua hayumo! Wewe uliniwekea chuma!"

Alice akatoka mlangoni kwa ile kelele, ameegemea fimbo, mguu mmoja haugusi chini. Rosa alimwangalia. Kopo la maji lilikuwa likimwagika kwenye miguu yake mwenyewe naye hana habari. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Chimba. Lakini utawaambia watu kwa kinywa chako. Na utawaambia nilikukataza."

Jumapili, baada ya sala, Severino alisimama mbele ya watu wote akasema. Hakupamba. Alisema hakuna mtoto mle, kuna injini ya boti. Natale alikufa Aru na kaburi lake halijulikani. Rosa alimkataza naye hakusikia. Kijana mmoja nyuma akacheka, akapigwa kofi na mama yake. Kasimiro alifunga kitabu chake cha sala, akauliza taratibu, "Na mimi, siku ya wafu, nilikuwa naombea nini?"

Afisa alikuja baadaye nyumbani. "Nilitupa furushi langu," alisema. "Ndani mlikuwa na unga wa wanangu. Nililiacha nikilia na mke wako, na sikurudi kulichukua. Watoto walikaa siku mbili hawajala. Kwa ajili ya chuma, Severino?" Alimwombea Rosa subira kwa Mungu, akaondoka. Severino alitamani angetukanwa.

Walichimba Jumatatu asubuhi, kijiji kizima kimezunguka, kwa maana kila mtu alitaka kuona kwa macho. Turubai ikatoka nzima. Ndani, chini ya grisi, injini iling'aa kama iliyofutwa jana. Hakuna kutu hata ya kuweka ncha ya sindano. Watu waliguna. Na Severino, Mungu amsamehe, kwa muda mfupi alifurahi. Alijisikia anafurahi, akainamisha uso ili Rosa asimwone. Rosa alikuwa amemwona.

Shimo likabaki wazi. Kaburi halifukiwi tupu, huo ni mwiko, litadai mtu. Kwa aliyefia mbali watu hukata shina la mgomba wakalizika mahali pake, basi Severino akaja na mgomba begani. Rosa akamsimamisha.

"Mara ya kwanza umetia chuma, ukasema ndiye mwanangu. Leo unatia mgomba. Huyu mtoto alikukosea nini?"

Hata hivyo mgomba ulizikwa, kwa sababu shimo halikuweza kukaa vile. Kasimiro aliomba kwa kifupi. Rosa hakusogea karibu. Msalaba aliung'oa mwenyewe, akaingia nao ndani, na yale maua hakuyanyunyizia tena.

Wiki mbili baadaye Severino aliishusha injini ndani ya boti huko Rhino Camp. Alinyoosha shafti, akaziba nyufa kwa pamba na lami, akasafisha nozeli za mafuta moja moja, akatoa hewa kwenye pampu. Okuonzi alipanda amevaa viatu vyake vizuri, mikono kiunoni, tayari kwa kupunguza bei. Severino akazungusha mkono wa kuwashia. Mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikashika, na mlio wake ukatulia hapo hapo, mzito, sawasawa, bila kukwama. Wakaondoka gatini. Wakapandisha mto kandokando ya ukingo, saa nzima, na injini haikubadilisha sauti hata mara moja.

Okuonzi akasahau kupunguza bei. Alikagua kila kona, akapangusa chuma kwa kidole, akakitazama kidole: kisafi. "Miaka nane! Vita imepita, watu wamekufa, nyumba zimeisha, na hii iko mupya!" Akampiga Severino begani kwa furaha. "Mzee, mutu kama wewe hakuna tena. Hii injini umeitunza kama mtoto yako."

Severino alishika usukani. Kisha akalia, yule ambaye Aru hakutoa chozi. Alilia kwa sauti, kamasi zinamtoka, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, na hakuweza kujizuia wala hakutaka tena kujizuia.

Okuonzi alidhani analilia boti. Naye hakuwa mtu mbaya. Alimshikia usukani, akampa leso yake.

"Pole, mzee, pole sana. Usilie hivyo. Boti haiendi mbali, itakaa hapa hapa Rhino Camp. Siku utaikumbuka, unakuja tu, unaikuta, unaiangalia mpaka roho inatulia, unarudi nyumbani."

Severino akasema asante.