Feni Iliyomvuta Mzee Nywele

Mimi huandika polepole. Shuleni niliishia darasa la nane, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza insha. Si kwamba nilikosa la kusema. Niliogopa kukosea. Kwa hiyo habari hii ya nyumba ndogo iliyobebwa na pikapu imenichukua siku nyingi kuiandika, na kuna sentensi nimeifuta mara nne.

Nafanya kazi ya waya za magari katika banda moja huku Langas, mtaa wa Eldoret. Mwenye banda, fundi wangu, ndiye aliyenifunza kila ninachojua. Yeye huongea kwa niaba yetu sote wawili, na kwa sababu mimi sisemi sana, aliniita Madam Kimya. Mteja akiniuliza kitu, fundi hudakia, "Huyo wachana naye. Yeye huongea na betri pekee."

Somo lake la kwanza lilikuwa fupi: nyekundu ni moto, nyeusi ni bodi. Moto ni waya unaotoa stima kwenye betri. Bodi ni ule unaoirudisha, na unaitwa hivyo kwa sababu ndani ya gari stima hurudi kupitia chuma cha gari lenyewe. Nililiandika somo hilo ukurasa wa kwanza wa daftari langu, nikalipigia mstari. "Hata shetani akiunda gari," fundi alisema, "nyeusi itakuwa bodi."

Basi Jumatatu moja alikuja mama mmoja, nesi mstaafu, mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Yeye na mumewe, mwalimu mstaafu, wanaishi upande wa Chepkoilel. Walikuwa wamenunua pikapu kuukuu kutoka kwa wasafiri waliokuja nayo kwa meli kutoka Amerika. Mgongoni ilibeba kanyumba: kitanda, sinki, friji ndogo, feni, na paa linaloinuliwa ukitaka kulala. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa stima. Betri ya zamani ilikuwa imevimba ikatupwa, na Mama alikuwa amenunua betri mpya na sola ya kuweka juu ya paa.

Fundi alikuwa ameshikwa na lori lililokaa bandani wiki nzima. "Nenda wewe," akaniambia. "Ukikwama nipigie. Najua hutapiga."

Nilipofika kwao Jumanne, Mama alifungua vibanio vinne, akasukuma paa kwa bega, likainuka, na kuta za turubai zikajikunjua kwa mlio kama wa shati linalokung'utwa. Mzee alikuwa ameshaingia ndani na kukaa kitandani, kofia mkononi.

"Karibu, lakwet," akasema. Kwao neno hilo ni mtoto. "Hapa ndipo nitalala Lodwar."

"Utalala Lodwar friji ikilala?" Mama akamuuliza kutoka nje. "Ngoja kwanza stima."

Ndipo nikaelezwa. Mzee ana sukari, na dawa yake ya kujidunga lazima ikae mahali pa baridi. Binti yao anafundisha Lodwar, mbali kaskazini kwenye joto kali, na Jumapili hiyo mtoto wake wa kwanza angebatizwa. Mzee hakuwa amemwona mjukuu huyo ila kwenye simu. Mwaka uliotangulia walijaribu kwenda na kasha la barafu. Barafu iliyeyuka njiani, dawa ikaharibika kwa joto, na mzee akamaliza safari yake kwenye kitanda cha hospitali kabla hajafika.

"Friji ya jikoni imenifunga kamba kama ndama," Mzee alisema. "Nikizunguka sana, narudi palepale."

"Na sitaifungua hiyo kamba," Mama akasema, "mpaka nione hii ndogo inafanya kazi. Nimeapa."

Nilifanya kazi siku mbili. Nilifunga sola juu ya paa, nikashusha waya zake hadi chini ya kiti, nikaweka betri na fyuzi. Mama aliniletea chai na viazi vitamu, akanisemesha, nami nikajibu kwa kichwa. Jumatano mchana nikabakiwa na kazi moja: waya mbili nene zilizotoka ukutani, pale ilipokuwa betri ya zamani. Hizo ndizo zilizolisha kanyumba chote. Moja ilikuwa nyeusi, nyingine nyeupe.

Nyekundu haikuwepo. Nilizitazama kwa muda. Pengine mtu mwingine angepiga simu kuuliza. Mimi nilifungua daftari ukurasa wa kwanza. Nyeusi ni bodi. Basi nyeupe itakuwa moto. Nikafunga.

Nikabonyeza swichi, taa zikawaka. Mama akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika. Feni juu ya kitanda ikazunguka. Nikawasha friji.

Friji haikusema kitu.

Nilipima fyuzi, ikawa nzima. Nilipima stima kwa mita nyuma ya friji, ikawa inafika. Nikaizima na kuiwasha mpaka kidole kikauma. Mwisho Mama mwenyewe ndiye aliyempigia fundi.

Alhamisi asubuhi fundi alifika kwa boda boda, akaingia ndani, akapima nilivyopima, akaweka sikio kwenye friji kama daktari, kisha akatingisha kichwa.

"Mama, hii kompresa, moyo wa friji, ilikufa huko ilikotoka. Madam Kimya amefanya kazi safi, stima inafika. Lakini maiti haiamki kwa stima."

"Hakuna dawa?"

"Dawa ni kutafuta ingine. Na ya aina hii, hapa Eldoret, kesho? Sikudanganyi."

Mama alikaa kwenye ngazi ya pikapu, mikono mapajani. Sauti ya wodi ilikuwa imemwisha. "Basi hatuendi," akasema. "Nitampigia mtoto nimwambie."

Mzee alikuwa kitandani chini ya feni, akipapasa kichwa. Baadaye akasema, labda ili amchekeshe mkewe, "Hata hii feni yenyewe haijui kazi. Badala ya kunipuliza, inanivuta nywele. Na zimebaki nane."

"Saba," Mama akasema bila kugeuka. "Moja ilienda jana."

Fundi akacheka. Mimi nikainua macho kuitazama feni.

Bandani, tukibadilisha feni ya rejeta, ile inayopoza injini, kuna kosa ambalo kila mwanagenzi hulifanya mara moja. Ukigeuza waya zake mbili, feni haikatai. Inazunguka kinyume. Taa za balbu kama hizi nazo hazijali, waya ukae huku au kule zitawaka tu. Lakini kuna vyombo vyenye akili, vikipewa stima kinyume hunyamaza ili visiungue.

Nilichukua bisibisi nikafungua kifuniko cha nyuma ya friji, fundi akinitazama. Ndani, kando ya waya mweusi, palikuwa na alama ndogo ya kujumlisha, ileile niliyofunzwa darasa la kwanza. Kwa betri, kujumlisha ni moto.

Nyeusi ilikuwa moto. Huko walikoiunda, nyeusi ndiyo moto.

Nilitaka kusema. Kusema kulimaanisha mambo mawili: kwamba mimi nimekosea, na kwamba fundi, mbele ya wateja, ameitangaza maiti friji iliyo hai. Nje nilimsikia Mama akitafuta namba ya binti yake, simu ikilia ti-ti kila akibonyeza. Nikakata kipande cha selotepu ya karatasi, nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika. Herufi zikapinda. Nikakibandika juu ya waya, mbele ya macho ya fundi.

HII NYEUSI NI MOTO.

Fundi akasoma. Akasoma tena kwa sauti. "Nani amekuambia?"

"Feni," nikasema.

Akaitazama feni. Akatazama ile alama ya kujumlisha. Akamtazama Mzee na nywele zake. Kisha akavua kofia na kuikalia, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Mama!" akaita. "Kata hiyo simu. Maiti imeomba kuongea!"

Nilitoa fyuzi, nikazigeuza zile waya mbili kwenye betri, nikarudisha fyuzi. Feni ikaanza, na shuka la kitanda likapepea upande wa pili. Mzee akafumba macho. Nikabonyeza friji. Kulikuwa na ukimya mrefu kiasi cha kunifanya nianze kumwomba Mungu, halafu kitu kikagonga mara moja ndani, taratibu, kikaanza kunguruma.

Mama alipanda ngazi na kuweka shavu kwenye mlango wa friji. Hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza tulikuwa wawili tusiosema kitu.

Ni fundi aliyeongea, kwa sauti ya chini, upande wangu. "Ulikuwa umeshaunganisha na bodi ya gari?"

"Bado."

"Asante Mungu. Moto ungekutana na bodi, pangeungua." Akaikunjua kofia yake. "Hata mimi ningeweka hivyohivyo. Ni mimi nilikuambia mambo ya shetani."

Mchana wote uliobaki nilibandika selotepu kwenye kila waya wa kanyumba kile, moja moja, nikiupima kwanza na kuandika ulivyo: moto wa taa, moto wa friji, bodi. Fundi alisema ningemaliza haraka kama ningeandika haraka. Nikamwambia aende akamalize lori lake. Alienda, akicheka, akimwambia Mzee kwamba Madam Kimya sasa amekuwa na mdomo.

Mama hakuamini mngurumo. Aliweka kipimajoto ndani ya friji, kando ya chupa ya maji, akakisoma jioni na akakisoma tena Ijumaa asubuhi. Dawa hiyo haitaki joto, wala haitaki kuganda. Kipimo kilisimama kwenye nyuzi tano. Hapo ndipo alipoihamisha dawa kutoka jikoni, akaibeba kwa mikono miwili kama yai, na Mzee akamfuata nyuma hadi kwenye gari.

Waliondoka Jumamosi mapema. Mimi nilikuwa bandani.

Jumapili, baada ya kanisa, simu yangu ililia. Huwa sipokei namba nisizozijua. Hiyo nilipokea. Nyuma kulikuwa na watu wengi wakiimba na mtoto akilia kwa nguvu, mtoto aliyemwagiwa maji bila kuulizwa.

"Lakwet," Mzee alisema, "huku ni moto kama ndani ya jiko. Nimejidunga saa moja. Dawa ilikuwa baridi mpaka nikashtuka."

"Na feni?" nikauliza. Nadhani ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza mteja kwa hiari yangu.

"Feni inanipuliza vizuri. Zote saba zipo."

Jumatatu nilifungua daftari ukurasa wa kwanza. Sikuufuta ule mstari wa fundi, kwa sababu kwa magari mengi bado ni kweli. Chini yake niliongeza maneno mawili, polepole, herufi zikiwa zimesimama wima: pima kwanza.