Busu la Fundi wa Filamu

Fundi wa filamu huuanza kila mkanda wa zamani kwa kuubusu. Hulowesha mdomo, huugusisha mkanda, na upande unaonata ndio wenye picha. Huo haugusi kwa kidole. Wenzake wa karakana humwita Bibi Harusi, naye hucheka cheko la kujaza nyumba. Asubuhi ile hakucheka. Filamu moja ya kuchekesha ya nchi ya mbali, ambayo haijawahi kutolewa kwenye diski, ilikuwa tayari kunakiliwa isipokuwa mkanda wa mwisho, uliogandamana kama karatasi zilizonyeshewa. "Achana nao, dada," msimamizi alimwambia. "Filamu isiyo na mwisho nani atainunua? Tutoe nyingine." "Mgonjwa hajakata roho, kaka, wewe umeshashika jembe." "Basi mbusu, huenda akazinduka."

Alimbusu. Kisha akaanza kuuachanisha mkanda, pole pole kama anayemvua soksi mtoto aliyelala, huku akiunong'oneza, "Njoo, mama, njoo." Kufikia mchana ulikuwa umeachia wote. Alipoupitisha kwenye mashine, mzee mnene akatokea kiooni akimkimbiza bata katikati ya harusi, na karakana nzima ikaangua kicheko, msimamizi akijifuta machozi kwa tai. Fundi alikuwa ameshampigia simu mama yake. Mama huyo aliitazama filamu hiyo akiwa msichana, umeme ukakatika kabla ya mwisho. Siku hizi miguu haimfikishi hata mlangoni.

"Mama, mwisho umepatikana. Utautazama hapo hapo kitandani kwako. Yule bata, mama, kumbe—"

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Usinimalizie."