Chai ya Msimamizi wa Mtihani

Kwenye treni ya kwenda Parramatta, mama mmoja wa Kikongo aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata chupa ya chai. Mwanawe, tai shingoni, alikuwa anakwenda kurudia mtihani wa cheti cha kusimamia kompyuta za Linux, safari hii kwenye kituo cha mitihani. Wa kwanza aliufanyia nyumbani mtandaoni, msimamizi akimwangalia kwa kamera, na sharti lilikuwa asiingie mtu chumbani.

"Mama, uliingia na chai!"

"Mugeni iko mu nyumba yangu, nisimusalimie?"

"Walifuta mtihani palepale."

"Na salamu yangu hakuitika."

Kijana akashika kichwa. Kimoyomoyo nilikuwa upande wa mama: mtihani hurudiwa, lakini mgeni akiondoka bila salamu, ameondoka.

Tulipokaribia kushuka, mama akatoa vikombe vitatu.

"Cha tatu cha nani?" kijana akauliza.

"Leo si atakuwepo mwenyewe? Atakunywa."