Nyayo za Chaki Kando ya Dirisha

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu zenu zimejaa picha, hata za sahani ya chipsi. Sisi wa hapa Eastlands, picha ilikuwa jambo la kupangwa. Leo asubuhi mjukuu wangu amesogeza viti, akachora chaki sakafuni mahali kila mtu atakaposimama kwenye picha anayotaka kutuchora. Nilipoona nyayo zile nilikaa chini.

Baba yangu alikuwa dereva. Jirani yetu aliandika mabango ya maduka. Jumapili moja, harufu ya chapati bado imejaa nyumba, jirani alikuja kupanga picha atakayotuchora. Baba akajiweka katikati na koti lake kubwa.

"Mzee, ukisimama hapo hawa wengine watabaki masikio tu," jirani akasema.

Mama akacheka mpaka akakohoa. Akawekwa kando ya dirisha apate mwanga, mimi mbele yake, mkono wake begani kwangu. Jirani akazungushia miguu yetu chaki. "Msifute. Nikija na rangi, kila mtu arudi kwa nyayo zake."

Kabla hajarudi na rangi, kikohozi kile kilimlaza Mama hospitali. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Siku ya tatu nikajiambia, Mama akirudi akute nyumba safi. Nikapiga magoti, nikasugua, nikapaka polishi nyekundu mpaka sakafu ikang'aa. Nilikuwa bado nimeshika kitambaa niliposikia viatu vya Baba mlangoni, vizito, jirani nyuma yake. Mama hakuwa nao, wala hakurudi tena.

Baba akatazama pale dirishani, nyayo zake za chaki nimeshazifuta. Nikangoja kofi. Halikuja, na heri lingekuja.

"Uso wake naukumbuka," jirani akasema polepole. "Pa kusimama nitakadiria."

"Usimkadirie mke wangu."

Basi picha ikachorwa na dirisha tupu, na mimi mbele yake, bega moja limeinama kidogo, lile alilokuwa ameliwekea mkono. Nyumba ile ilishabomolewa. Picha yenyewe ililiwa na unyevu. Bega ndilo bado ninalo.

Sasa hivi mke wa mwanangu ametokea na ndoo. "Mama, inua miguu nipige deki, watu wa kanisa wako njiani."

Nimesema kwa sauti, nyumba nzima isikie: Weka ndoo chini. Wageni wataingilia jikoni. Hakuna mtu anagusa sakafu hii mpaka mtoto amalize.