Nilivyoipigia Makofi Hasara Yangu

Haya nnayowahadithia yalinivua nguo mbele za watu, na mie si mtu wa kuvuliwa nguo ovyo. Skuli niliiachia darasa la nne, lakini Wete nzima ukimuuliza mtu nani mnunuzi mkubwa wa mwani, atakuonesha ghorofa yangu pale Jadida (ya kijani, huikosi).

Binti yangu Salma anasoma chuo kikuu, na mwalimu wao aliita wazee tuje kusikiliza kitu gani kinawasukuma vijana wetu kujifunza Kiingereza. Asubuhi ile ile alikuwa kafika mzungu anayechukua mwani wangu wote, Salma akataka twende pamoja kumpokea ili atufasirie, nikamwambia mie na mzungu wangu twaelewana, nikampakia garini, njia nzima yeye anasema na mie namjibu "yesi", nikaenda naye moja kwa moja chuoni, vijana wamwone.

Wanafunzi wakatoa yao: huyu anataka kazi ya hoteli, yule kusoma ng'ambo, mwengine akakiri anaogopa mtihani tu. Nikasimama nikawaambia Kiingereza ni ujasiri, mie nna "yesi" na "tenkyu" na nimejenga, kisha nikamwinua mgeni aseme. Akanishika bega, akasema kwa upole, nami nikisikia jina langu naitikia kwa kichwa, alipomaliza nikapiga makofi. Peke yangu.

Nikamwambia Salma awaeleze wazee alivyonisifu.

"Baba, twende nje nikwambie."

"Sema hapa hapa. Nakusomesha ya nini?"

Akainamisha macho. "Kampuni yao imeacha kununua mwani wa Pemba. Amekuja kukuaga. Anasema garini alikueleza yote, ukamwambia sawa."

"Na makofi kapiga, masikini," mzee mmoja akasema nyuma yangu.

Mwalimu alipomuuliza Salma yeye Kiingereza anajifunzia nini, alisema hana la kuongeza, akakaa.

Jioni nikenda Wingwi kwa kinamama wanaoniuzia. Bi Raya, mkubwa wao, akaniuliza gari ya kuchukua mwani inakuja lini. Kiswahili nimezaliwa nacho, yakhe, nami nikageuka nikaanza kuhesabu magunia yake.

Nimeapa sitamwitikia tena mtu nisichokielewa, nitauliza kasema nini hata wanicheke. Lakini kiapo changu Bi Raya hakimfai kitu. Mwani wake mpaka leo umo kwenye magunia.