Bi Laini na Mtambo Uliosahau Kila Kitu

Opereta wa kliniki yetu tulimwita Bi Laini. Kazi yake ilikuwa laini za simu, na sauti yake nayo ilikuwa laini kiasi kwamba mgomvi akipiga alijikuta anaomba radhi. Surua ilimpofusha akiwa na miaka saba. Alisomea uopereta, akaajiriwa mwaka uleule mtambo wa simu ulipofungwa hapo kliniki. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na tisa, yeye mezani, mtambo kabatini nyuma ya kiti chake.

Mimi nilikuwa karani wa mafaili, meza yangu ubavuni mwa yake. Haya sikuhadithiwa.

Asubuhi moja umeme ulikatika kwa saa nzima. Uliporudi, mtu wa kwanza kupiga kutoka nje aliziamsha simu zote kumi na sita kwa mpigo: maabara, duka la dawa, kwa daktari, mpaka chumba cha kufulia. Dobi ndiye aliyewahi kupokea. Mgonjwa aliuliza majibu ya damu, akajibiwa kwamba bado hayajakauka. Kumbe dobi alidhani anaulizwa mashuka! Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Mkunga wa wodi ya wazazi alimpigia daktari kwa nambari ya siku zote, simu ikamlilia mlio wa kukataa, ikabidi ashuke ngazi mbio mwenyewe.

Matroni akaita fundi. Alikuja kijana mwenye kofia, akafungua kabati, akapiga mluzi.

"Mtambo huu ulianza kazi mimi ningali mtoto," alisema. "Betri ya ndani imekufa. Umeme ulipokatika, ukasahau kila kitu. Sasa ni kama umetoka kiwandani leo."

"Basi ufundishe upya," matroni akamwambia.

"Betri ninayo. Ila siwezi kuingia bila nambari ya siri ya kiwandani. Kitabu chake kiko wapi?"

Kitabu kilikuwa kimeoza zamani, bomba lilipovuja. Fundi akabadilisha betri, akajaribu nambari za kubahatisha kwenye simu ya opereta. Kila mara mtambo ulimjibu kwa milio mitatu mifupi: hapana. Mwishowe akakuna kichwa. "Matroni, agizeni mpya. Wiki tatu tu."

"Na wazazi wangu wanne huko juu wasubiri wiki tatu?"

Bi Laini alikuwa ameinamisha kichwa, akiisikiliza ile milio. "Mwanangu," alimwambia fundi, "hebu nipishe."

Akaketi. "Fundi aliyeufunga aliketi hapahapa. Siku ile aliibonyeza nambari hiyo mara nyingi. Hakuniambia ni ipi, lakini niliisikia."

Kwenye simu ile kila kitufe kilikuwa na sauti yake. Bi Laini akaguna sauti nne, taratibu, kama mtu anayetafuta mwanzo wa wimbo. Akagusa kitufe, akatikisa kichwa, akagusa kingine. Fundi akanitazama, akatabasamu. Kisha Bi Laini akabonyeza kitufe cha programu, nyota, reli, na vitufe vinne mfululizo.

Mlio mmoja mrefu.

Tabasamu la fundi likayeyuka. "Umekubali," alinong'ona, akavua kofia.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa maajabu, kumbe ndiyo kwanza. Fundi yule wa zamani alikuwa mtu wa kujisemea. Kila alipokuja kuhamisha simu ya mtu, alitaja kwa sauti alichokuwa akibonyeza, isipokuwa ile nambari ya siri, na Bi Laini akakihifadhi. Sasa alikuwa anakitoa chote, tundu la kila simu mtamboni na nambari yake. "Tundu la tano, maabara, ishirini na tatu." Mlio mrefu. "La sita, duka la dawa, ishirini na nne." Mlio mrefu. Muda wa kula ukapita, hakuna aliyeinuka. Matroni alisimama mlangoni, mkono kifuani, kama aliyeingia mahali pa ibada.

Kwenye tundu la tisa vidole vikasita.

"Hii ilikuwa ya mkunga mkuu," alisema. "Mungu amrehemu. Hakuwahi kuiacha simu ilie mara mbili."

Akaendelea. Alipomaliza, akapiga wodi ya wazazi.

"Dada! Ni wewe?" Sauti ya mkunga ilisikika mpaka kwangu. "Nikimtaka daktari nibonyeze ileile?"

"Ileile, mdogo wangu. Jaribu."

Mwisho wa korido yetu, chumbani kwa daktari, simu moja ikalia. Moja tu. Matroni alijipangusa macho kwa ncha ya aproni, akadai ni vumbi la kabati.

Kosa moja halikukosekana. Kwa siku mbili waliotaka mhasibu walimpata mpishi, na baadhi yao walisema mpishi anawajibu vizuri zaidi. Bi Laini alilirekebisha mwenyewe, nami nikaandika kila alichotaja, kurasa nne, tukazibandika ndani ya mlango wa kabati.

Wiki iliyofuata fundi alirudi bila kuitwa. Alivuta kiti, akatoa simu yake ya mkononi, akamwekea Bi Laini milio aliyoirekodi kwenye mtambo mkongwe wa ofisi nyingine.

"Mama, hebu sikiliza. Huu unanikatalia nini?"

Bi Laini akainamisha kichwa. "Rudia," akasema. "Punguza na feni."