Kichwa Kimoja, Mikono Miwili

Saa mbili na nusu asubuhi, Colette anagawa nywele za mteja kwa mkia wa kitana. Anaanza nyuma, kulia, karibu na shingo. Akimaliza mstari anazunguka kiti, anashika wa kushoto, halafu anarudi kulia. Kiti hiki atakizunguka mpaka saa kumi jioni.

Si kawaida. Hapa South Beach, Durban, wasusi wa Kongo na Burundi hukisuka kichwa kimoja wawili wawili, mmoja kulia, mwenzake kushoto, na mlioanza pamoja mnamaliza pamoja. Kwa miaka tisa kushoto kwa Colette alisimama Ninahazwe, ambaye wote humwita Mama Lyse kwa jina la bintiye.

Sasa Mama Lyse yuko ng'ambo ya barabara, karibu na roboti, maana hapa ndivyo zinavyoitwa taa za barabarani. Amekalia kiti cha plastiki chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Colette amekigeuza kiti cha wateja, kisitazame dirishani.

Ana miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Alifika Durban na mfuko mmoja na mtoto mwenye homa. Mama Lyse alimpokea.

"Alinipa nusu ya kichwa na nusu ya malipo," anasema. "Mimi sikuwa najua hata kushika rasta."

Mwezi wa nne, mwenye ghorofa alitaka kuwapangisha wasusi wa barabarani chumba cha chini. Wanawake kumi na mmoja, yeye akiwemo, walimchagua Colette akaongee naye, kwa kuwa Kiingereza chake kimenyooka. Walimtuma neno moja tu, kwamba wataingia wote au haingii mtu. Akaitikia.

Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amemsuka Rhoda, binti wa Musoma anayesoma siasa chuoni Westville. Kusukwa huchukua muda mrefu, na Rhoda alikuwa na mtihani, basi akasoma kwa sauti huku akimfafanulia Colette. Alisoma habari za Mwairishi mmoja wa karne ya kumi na nane, aliyekaa katika bunge la Uingereza. Huyo aliwaambia wapiga kura wa mji wa bandari uliomchagua kwamba atawatumikia kwa bidii, ila akili yake hatawakabidhi. Penye uamuzi ataamua mwenyewe.

"Hiyo neno ikaniingia," anasema Colette. "Nikajiona na mimi niko mbunge."

Chumba kilikuwa na nafasi ya viti vinane. Mwenye ghorofa akampa kalamu. Colette akaona heri wanane wakwepe mvua kuliko kumi na mmoja kulowa, akaandika majina manane, la kwake likiwa la kwanza. La Mama Lyse hakuliandika.

"Nilimwacha sababu nilijua hatanigombeza. Wengine wangenitukana. Yeye ni mtu wa kunyamaza." Anafuta kitana kwenye aproni, ingawa ni safi. "Iko haya kusema hivi."

Kichwa kimoja ni three-fifty, yaani randi mia tatu na hamsini. Zamani wawili hao walimaliza vitatu kwa siku. Sasa Colette anamaliza kimoja, na saba walioingia naye hakuna anayejitolea kushika upande wa pili.

Mwezi uliopita Rhoda alirudi kusukwa upya. Colette akamsimulia alivyoamua, kwa majivuno kidogo. Binti akammalizia habari. Mwairishi yule aliwaonya watu wake siku ileile waliyomchagua. Baadaye alipotetea biashara ya Ireland, na wafanyabiashara wa mji wakachukia, alirudi akasimama mbele yao akajibu lawama zote. Alipoona hawamtaki, akajitoa. Na mtu huyohuyo aliheshimu desturi za zamani. Aliona busara ya watu wengi iliyomo humo inapita akili ya mjanja mmoja.

"Mama, wewe ulirudi kuwaambia?" Rhoda aliuliza.

Hakurudi. Aliwatumia majina kwa simu, akaizima.

"Yule mzee Mwairishi nilimsuka upande mmoja," anasema Colette. "Nikatembea naye hivyo."

Ng'ambo, Mama Lyse anachambua rasta bila kuinua macho. Anasema chumba hakimuumi sana; mvua ya Durban ameizoea.

"Nilingoja aje aniambie. Roboti inawaka kijani kila wakati. Kuvuka si kazi."

Jumatatu wateja ni wachache. Colette amewaomba wenzake wote kumi wakutane nje, kule ng'ambo, Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi. Atavuka na ufunguo wa chumba, atawaeleza alichofanya na kwa nini hasa alilitupa jina la Mama Lyse, kisha ufunguo ataukabidhi. Nani aketi ndani wataamua wao, kwa zamu au kwa kura. Hotuba yake amekwisha kuijaribu mara tatu mbele ya kioo, na kila akifika kwenye jina hilo anaanza upya.

Wakimtoa chumbani je?

Anazunguka kiti, anashika mstari wa kushoto.

"Nitakaa pale nje," anasema. "Nitamuuliza Mama Lyse kama upande wa kulia bado iko wazi."